Jina Uliloandika kwenye Fomu

Guka,

Bado nakuita hivyo, ingawa umeondoka ukiwa na miaka arobaini na moja na hukuacha hata mtoto, sembuse mjukuu. Wewe ulipewa jina la guka, yaani babu yetu, Mwangi. Mimi nikapewa la cucu, nyanya yetu, Wangari. Tangu utotoni tukaitana Guka na Cucu kama wazee wawili waliochoshwa na ndoa yao, na Mama alikuwa akipita na sufuria akisema, "Hao wameanza tena, mtu awape ugoro wanyamaze." Hakuna mwingine duniani aliyekuwa na ruhusa ya kuniita Cucu. Neno hilo, ruhusa, nitalirudia.

Nakuandikia nikiwa ndani ya kibanda changu cha vitabu hapa Thika. Mvua imenyesha, wateja hawapo, na nimefunika kamusi kwa karatasi ya nailoni. Nina wivu, Guka. Kwa miaka ishirini nimeandikia magazeti, nimegombana na wabunge, maaskofu na wenye viwanda, na sijawahi kuogopa kukiita kitu kwa jina lake. Hiki kinaitwa wivu. Namwonea wivu Nyambura, au Mama Shiko, jirani yako wa ploti ya vyumba vya kupanga kule Gitothua, mwanamke anayeuza chapati mlangoni na ambaye, nijuavyo mimi, hajawahi kumaliza kitabu kimoja.

Wivu ulianza siku ya kukuvalisha. Nilikuja mochari na suti mpya, nimeichagua kwa machozi. Nyambura akaigusa kola kwa vidole viwili, akasema polepole, "Hii ingemkaba. Alikuwa anapenda ile shati ya bluu." Akaitoa kwenye mfuko wake, imefuliwa, imepigwa pasi. Watu wote wakaitikia kwa kichwa, hata shangazi, ambaye hakubaliani na mtu yeyote. Ukazikwa na shati ya bluu. Suti bado ninayo, imening'inia nyuma ya mlango, na kila ninapoiona nahisi kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Kwenye maziko, mchungaji alimshukuru "Mama Shiko na familia." Familia ndiyo mimi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mimi niliyekubeba mgongoni mpaka kisimani, nikiwa baada ya neno "na."

Lakini nisikimbie mbele. Sitaki useme, kama kawaida yako, "Cucu, anza mwanzo, sisi wengine hatuna digrii ya hasira."

Ulipoanguka kutoka juu ya lori la magunia na miguu ikakataa, nilisema serikali ina msaada wa watu wenye ulemavu na utaupata, hata kama itabidi nivunje meza ya mtu. Barua ya chifu tukaipata. Daktari akakupima, akajaza kurasa zake. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kitu cha kwanza kitakuwa godoro la hewa, lile daktari alilosema lingezuia vidonda vya kulalia, kwa sababu kibanda changu hakingeweza kulinunua hata ningeuza na mbao zake. Ikabaki fomu ya mwisho, na ndani yake nafasi ya mlezi, yaani mtu atakayekupokelea msaada ukishindwa kufika, atakayeitwa ofisini kwa niaba yako. Nilikuuliza umemwandika nani. Ulikuwa unahangaika na antena ya redio. Ukasema, "Hiyo nimemaliza, Cucu, usijali."

Sikujali. Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Fomu ikapelekwa ofisini Ruiru. Wiki mbili zikapita kimya, nikaona huo ni uzembe, nikaandika barua ya kwanza. Baada ya hapo unajua yaliyofuata, maana nilikusomea majibu yao yote. Faili iko Nairobi. Mtambo umekwama. Afisa ako likizo. Rudi Jumatatu. Nikaandika tena na tena, kurasa mbili mbili, nakala kwa mbunge, nakala kwa gavana, nakala kwa mhariri. Kila Jumapili nilikuja Gitothua, nikakaa ukingoni mwa kitanda chako, nikakusomea barua ya wiki hiyo kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema, "Hiyo imeandikwa vizuri, Cucu, mpaka mtu atasahau kunisaidia." Na kila barua niliimaliza kwa sahihi hii, ambayo sikukusomea kamwe, maana nilidhani unaijua: *Wangari, dada na mlezi wa mwombaji.*

Nyambura alikuwa akiingia katikati ya kusoma. Hakubisha hodi. Alisema tu, "Samahani kidogo," akapitisha mkono mmoja chini ya bega lako na mwingine chini ya nyonga, akakugeuza upande wa pili, akaweka mto katikati ya magoti, akatoka. Mimi nikawa nimeshika karatasi yangu hewani, nikingoja amalize ili niendelee na serikali.

Vidonda vilikuja, kwa sababu hata mikono kama yake ina watu wengine wa kubeba. Vikaingiza sumu kwenye damu. Godoro halikufika. Wewe ukaenda.

Miezi miwili baada ya maziko, Nyambura alikuja hapa kibandani. Alikuwa amembeba Shiko, mwanawe, mgongoni kwa leso. Yule mtoto ana miaka tisa sasa, miguu yake inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake, hawezi kukaa wala kusema, na Nyambura hana kiti cha magurudumu cha kumweka. Alisimama kati ya mabunda ya vitabu, akasema, "Cucu, habari ya siku nyingi."

Cucu! Mbele ya wateja wawili. Nilihisi kama ameingia chumbani kwangu akavaa nguo yangu. Nikamuuliza nani aliyempa ruhusa. Akashtuka, akasema, "Si ndivyo alikuwa anakuita? Kila siku ni Cucu amesema hivi, Cucu ameandika vile. Mimi nilijua ndilo jina."

Kisha akasema kilichomleta. Alikuwa amemwombea Shiko msaada ule ule. Barua ya chifu anayo, ya daktari anayo, lakini ofisi imemkataa. "Wananiambia niko na kesi. Wananiambia ni wewe ulinishtaki."

Nikamwambia sijawahi kumshtaki mtu wa ploti maishani mwangu, kwamba mimi hushtaki watu wenye ofisi. Nikamwambia nitaangalia. Guka, sikuangalia. Wiki tano nilipanga vitabu, nikaandika kuhusu bei ya unga, nikaandika kuhusu barabara, na kila nilipokumbuka ile leso na ile miguu, nilikumbuka pia shati ya bluu, nikajiambia mwache naye aonje foleni. Nakuambia hivi kwa sababu huwezi tena kunitazama kwa lile jicho lako.

Jumanne iliyopita nilikwenda Ruiru. Nilikwenda kuthibitisha kwamba Nyambura ni mwongo. Karani wa faili ni mwanamume wa rika langu, mpole, mwenye sweta la mikono mifupi. Nilipotaja jina langu akasimama. "Madam, wewe ndiye yule wa barua?" Kabla sijajibu akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Kuja uone, huyu ndiye mwenyewe!" Akaniambia kwa heshima ya kweli, "Hizo barua tunazisoma saa ya chai. Kiswahili safi sana."

Akaifungua faili yako. Barua zangu zote zimo, zimetobolewa vizuri, zimefungwa kwa uzi wa kijani. Juu ya kila moja kuna mstari wa kalamu nyekundu: *Mlezi anapingwa. Isubiri.* Na chini kabisa, chini ya hasira yangu yote, ipo fomu yako. Mwandiko wako ule wa kulala upande. *Jina la mlezi: Nyambura. Uhusiano: jirani.*

Nilisoma mara tatu kama mtu asiyejua kusoma.

Nikamwomba anieleze. Akanieleza taratibu. Fomu ilikuwa imekamilika, ilikuwa ipelekwe mbele wiki ile ile. Ndipo ikaja barua ya mtu mwingine anayejitaja kuwa mlezi. "Kukiwa na walezi wawili, sisi hatugusi. Tunangoja wapatane." Na kwa kuwa kila wiki niliandika tena, kila wiki walianza kungoja upya. Nyambura naye akaingizwa kwenye mtambo kama mlezi mwenye mgogoro, na mtu wa namna hiyo hapewi mwombaji mwingine, hata akiwa mtoto wake wa kuzaa.

Nikamuuliza kwa nini, katika mwaka mzima, hakuna aliyenipigia simu. Namba yangu iko juu ya kila ukurasa. Ploti yako iko mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka kwenye meza ile. Akageuza kitabu cha taratibu, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Hapa wameandika wahusika wataarifiwa. Hawajaandika nani atawaarifu."

Guka, ningeweza kuandika kitabu juu ya sentensi hiyo, na nitaandika. Watu wazima, wenye simu mezani, walikuacha uoze ubavuni wakingoja amani kati ya wanawake wawili ambao hawakujua kwamba wana vita. Siwasamehe. Lakini siwezi pia kusimama hapa nikasema ni wao peke yao. Aliyeweka jiwe barabarani ni mimi. Wao walikaa tu wakalitazama. Kama ningekuuliza mara ya pili, kama ningekuacha umalize kuhangaika na ile antena, ungekuwa umelala juu ya godoro la hewa unanikejeli.

Na unajua kilichoniuma kwanza? Si hilo. Aibu yangu ni hiyo. Kilichoniuma kwanza ni jina lake mahali pa jina langu. Chini yake kuna mstari unaouliza sababu ya kumchagua mlezi. Watu hujaza mstari huo kwa maneno marefu. Wewe uliandika maneno mawili: *Ndiye hunigeuza.*

Nilikaa kwenye benchi la ofisi ile muda mrefu. Nilikumbuka siku Baba alipotupeleka kuona maporomoko ya Chania, tukakuta geti na askari, naye Baba hana cha kutuingizia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikamwambia askari maji ni ya Mungu na hana haki ya kuyafungia. Wewe ulikuwa na miaka sita. Ulimsalimia, ukamuuliza kama kofia yake haimwashi. Akacheka, akakufungulia wewe peke yako. Nikabaki nje nimeshika vyuma vya geti, moyo unaniwaka, nikisikia tu mvumo. Ulirudi mbio, shati limelowa, ukanisimulia kila kitu, mpaka rangi ya mawe. Sikukwambia kamwe kwamba nilikuchukia kwa dakika kumi zile. Na sikukwambia kwamba ulivyonisimulia, niliyaona.

Karani alisema mwenye malalamiko akiyaondoa kwa maandishi, kesi inafungwa. Akanipa karatasi na kalamu. Ninaapa, Guka, hata pale mkono ulikataa. Kuondoa malalamiko maana yake ni kuandika kwa mkono wangu kwamba hukunichagua mimi. Niliutazama ukuta, nikamwona Shiko amening'inia kwenye leso, na mama yake akisimama foleni kwa mgongo ule ule uliokuinamia wewe. Nikaandika:

*Naondoa malalamiko yangu yote. Mlezi wa marehemu ndugu yangu Mwangi alikuwa Nyambura. Mimi ni dada yake.*

Karani akaisoma, akageuza upande wa pili akitafuta kurasa nyingine. "Hii ni fupi, madam."

Nikamwambia, "Hiyo usiisome saa ya chai. Ifanyie kazi." Nikasimama mbele ya meza mpaka alipobonyeza kila kitu kilichohitaji kubonyezwa.

Faili ya Shiko imerudi kwenye foleni. Imerudi tu, sitakudanganya, foleni bado ni foleni. Nilipompigia Nyambura kumweleza, alisema, "Asante, Cucu." Neno likanichoma palepale linaponichomaga. Nikaliacha lipite. Ulimtajia jina hilo mara nyingi kiasi kwamba akadhani ni la kila mtu, na mtu hataji hivyo jina la asiyempenda. Nitajaribu kushikilia hilo.

Wivu bado ninao. Ana redio yako, ana mto ule, anajua ulilala upande gani siku ya mwisho. Siwezi kumpokonya, na sasa sijui kama nataka.

Haya ndiyo ninayokuahidi. Nitaandika juu ya sentensi ile isiyo na mtu mpaka waweke mtu ndani yake. Nitamfuatilia Shiko foleni nzima, na kabla ya kuandika lolote kwa niaba yake nitamuuliza mama yake kwanza, halafu nitamuuliza tena. Na Jumapili nitakwenda Gitothua bila karatasi. Nimemwomba Nyambura anifundishe kumgeuza Shiko. Amesema mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na usiongee sana.

Lala na shati yako ya bluu, Guka. Umenipita tena getini, na mimi nimeshika vyuma huku nje. Tazama vizuri kila kitu. Siku tutakayoonana utanisimulia, mpaka rangi ya mawe.

Cucu wako,
Wangari