Kipimo ya ku Barrage

Siku ya tatu, usiku

…na mama ameniambia tena nisiseme na nguvu mu nyumba, juu sauti yangu inafanana sana na ya yaya Ngoy, kaka yangu mukubwa. Tulimuzika juma ile ilipita. Basi nikarudia ku kazi. Kulia, silie.

Ku kazi ninaangaliaga écran. Kamera inaonyesha ukingo ya mayi ku barrage, kule ukuta inafunga muto, na kipimo, ile mti ya kupimia mayi. Leo banamuke baliingia mu mayi, bakasimama mbele ya kipimo. Katikati yao nilimutambua mulamu wangu Kalenga, bibi ya yaya. Bashangazi balikuwa banamuosha bujane, ili mufu amufungue, aishi tena kama bantu bengine.

Chef, mukubwa wa kazi, akakuya nyuma yangu. «Citoyen, kipimo haionekane. Bafukuze.»

Kule ku mti ya kipimo balifunga haut-parleur mupya ya kutoa sauti, haiyasema hata siku moja. Nikakamata micro: «Mutoke mu mayi. Inatosha.»

Écran haina sauti. Niliona tu bote banaacha kumuosha, kisha Kalenga anatoka polepole, anapiga magoti ku muchanga.

Kipimo ikaonekana. Mayi haikupanda.

Magaribi, ku nyumba, nilikuta Kalenga anakula bukari, ugali ya kwetu. Tangu matanga alikuwa anaikataa.

«Mulamu,» akasema, «yaya yako amenifungua. Alisema mwenyewe, kule ku mayi.»

«Alisema nini?»

«Inatosha.»

Mama aliniangalia, akainamisha kichwa. Nikamuongezea Kalenga bukari.

Kesho chef akiniambia tena nikamate micro, sijue nitasema na sauti ya nani.