Mama, Ile Sentensi Niliyokukosoa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba haitarudi, lakini ulinilea nisimwambie mkubwa neno lolote kabla ya hilo, na sitaanza utovu wa adabu leo.

Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya lile darasa la kisomo. Ulikuwa wakati ule Serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, nami kwa kuwa nilimaliza darasa la saba nikapewa chaki niwafundishe wazazi kanisani kwetu mlimani, alasiri, mkishatoka shambani. Siku ya kwanza ulikuja na kanga yako ya Jumapili. Nilipoingia mlisimama wote. "Shikamoo, mwalimu," ukasema, uso mkavu kabisa, na akina mama wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, mama. Nilikuwa wa kwanza katika darasa la kipaimara. Amri kumi na maelezo yake, imani, sakramenti, vyote nilivimwaga bila kukwama, hata mwinjilisti wetu akatangaza mbele ya usharika kwamba binti huyu anamjua Kristo. Nilimwamini. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Basi siku moja niliwaambia kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe. Jirani yetu akaandika, "Mbuzi amekula mahindi." Wewe uliinama juu ya daftari muda mrefu, ncha ya ulimi nje, kisha ukaniletea: "Mimi na Yesu tunajuana."

Nilicheka. Nikakueleza mbele ya wenzako kwamba mtu hujuana na shemeji yake, au na muuza dagaa wa gulio la Kisiwani. Yesu tunamjua, nikasema, hatujuani naye. Nikakata sentensi yako kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake, "Ninamjua Yesu," nikakuamuru uinakili mara tano. Uliinakili mara tano. Ulipomaliza ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sasa hapa Yeye ananijua wapi?"

Nikasema tuendelee na somo.

Hukuwahi kujua kilichotokea wiki ile ile. Ilikuwa zamu yetu ya maji, nawe ulitangulia jua likichomoza kwenda ndivani, lile bwawa letu la udongo, ulizibue maji yaliyokusanyika usiku yashuke kwenye maharage yetu. Ulisahau jembe. Nikakufuata nalo. Nilipokaribia nikasikia unaongea, nikadhani uko na mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Nikachungulia. Ulikuwa peke yako, umeketi ukingoni, miguu majini.

Ulikuwa unaongea Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti yako ile ile ya jikoni, ile unayotumia ukiwa unapepeta mahindi ya makande. Ulisema habari za mguu wa baba. Ukasema maharage ya upande wa juu yameanza kunyauka. Kisha ukasema, "Na yule mtoto wetu amesoma sana. Naomba asiishie hapo."

Mtoto wetu. Baba alikuwa nyumbani amelala, mama, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba hukumaanisha baba.

Halafu ukanyamaza. Ulinyamaza kama mtu anayemwachia mwenzake naye aseme. Ukatikisa kichwa polepole, ukacheka kidogo, ukasema, "Haya, nimesikia." Nami nimesimama na jembe begani. Niliogopa. Nilijiona nimeingia walipo wakubwa wanazungumza, bila kubisha hodi. Nikaliweka jembe chini taratibu, nikarudi nyumbani bila kukuamkia, na ukweli ni kwamba nilikuonea wivu.

Tangu siku ile nilijua ninachokosa. Nilisali zaidi, nikakariri zaburi zaidi, na kila nilipofumba macho nilisikia sauti yangu tu ikisoma somo. Nikawa mwalimu kamili, nikapangiwa shule kule bondeni, Kihurio. Kila likizo nilipopanda kuja kwenu nilidhamiria kukuuliza unafanyaje. Nikaona haya. Mwalimu atamuulizaje mwanafunzi wake? Nikaahirisha mpaka msimu ule wa kuvuna maharage tulipokuzika.

Wiki moja baada ya matanga nilibaki darasani adhuhuri, watoto wameshatoka. Nikataka kusali. Maneno yote niliyokariri yalikuwepo, ningeweza kuyataja moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililotoka. Mwishowe nikafanya afanyavyo mgeni kwenye nyumba asiyoijua: nikaanza kujitambulisha. Nilijitambulisha kwa Chasu, lugha niliyokuwa nikiwachapa watoto wakiisema shuleni. Nikamwambia Yesu kwamba mimi ni mtoto wako wewe, mama, nimezaliwa mlimani kule, nimelelewa kwa makande na maji ya zamu. Nikamwambia nimesema mengi juu yake mbele za watu, lakini sijawahi kusema naye.

Sikusikia sauti, mama. Nje mpunga ulikuwa vile vile na jua ni lile lile. Ila nilijua kwamba ninasikilizwa, na kwamba katika yote niliyoyasema hakuna lililokuwa geni kwake. Nikashika mdomo. Nikaketi sakafuni penye vumbi la chaki, nikalia, wala hayakuwa machozi ya msiba.

Nilikuwa bado sijataja jina langu. Sikulitaja. Mtu hajitambulishi kwa aliyemzaa.

Lala salama, mama.

Binti yako wa kwanza