Kibuyu cha Wifi Sinyati

Karatu Mjini,
18 Juni 2025.

Mpendwa dada Resiato,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea, na kwamba kifua hakikusumbui katika baridi hii. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, isipokuwa magoti.

Uliniuliza kwa simu kwa nini Jumapili sikutoa neno kwenye ibada ya vijana. Nilikujibu kwamba nilisafiri. Ni kweli, ila si yote.

Likizo ya Pasaka nilikuwa nyumbani Kakesio. Unamjua wifi yetu Sinyati, mke wa kaka Nelson, na vibuyu vyake vya maziwa. Kila siku huvisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien mpaka vinukie moshi. Mimi, mwalimu wa baiolojia, niliona ni uchafu. Siku moja alipokwenda kuchota maji, nilichukua kibuyu chake kikubwa nikakiosha kwa sabuni ya unga. Nikajiona nimemsaidia.

Kesho yake walikuja wazee wa kanisa kumwombea mtoto wake. Mama akawamiminia maziwa ya kibuyu kile. Mzee Olais alionja, akaweka kikombe chini.

"Mke wa Nelson, siku hizi mnafua maziwa?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alimwambia Sinyati mbele ya wote kwamba uvivu wake umemwaibisha, na kwamba tangu siku hiyo maziwa ya wageni yatashikwa na mke wa mdogo wetu Lembris. Kwetu unajua hilo lina uzito gani. Sinyati alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimeshika Biblia. Nikanyamaza.

Mwezi huu vijana walinipa neno juu ya moyo safi. Niliandika kurasa nne, na nadhani ziliandikwa vizuri. Nilipozisoma tena Ijumaa sikukuta humo kosa langu hata moja.

Nilifikiri kumtumia Sinyati ujumbe wa kuomba radhi. Kisha nikaona ningekuwa namwomba anitunzie siri yangu, ilhali yeye aliaibishwa mbele za watu. Kurasa nikamwachia Doreen, mwenzangu wa kikundi, azisome akipenda. Jumamosi nikapanda gari la Endulen, na kutoka hapo nikapata pikipiki hadi nyumbani.

Nilikiri mbele ya mama, Nelson na mzee Olais, aliyeitwa makusudi.

"Umesoma mpaka chuo kikuu kuja kuniharibia maziwa," mama akasema. Kisha akamwita Sinyati kwa jina la mtoto wake, kama zamani.

Sinyati hakuniambia amenisamehe. Jumapili alfajiri alinipa kibuyu kilekile na kijinga.

"Haya mwalimu, safisha."

Nilisugua mpaka machozi yakanitoka kwa moshi, na vidole viwili vikaungua. Alikinusa, akanirudishia. Akakinusa tena, akanirudishia. Mara ya tatu akaenda nacho kukamua bila neno. Kanisani sikwenda.

Nisalimie shemeji Dickson na watoto. Mama na Nelson wanakusalimu. Sinyati anauliza utakuja lini, maziwa yako atayashika mwenyewe. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Mdogo wako akukumbukaye kila siku,
Nanyokie