Nchi Ambayo Mimi Simo

Bwenini, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Je, maharage yamekauka, au mvua imewawahi? Mimi ni mzima. Mafua ya vumbi la huku yamebaki kidogo tu, na matroni amenipa dawa.

Mama, nina jambo la kukuomba, lakini kwanza nikueleze lilivyoanza.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Nyamizi, alitupeleka Kwihara kuona tembe la zamani kwenye njia ya misafara. Tukiwa pale alitukumbusha kwamba katika vita vile vikuu vya kwanza, Waingereza na Wabelgiji walishirikiana kumtoa Mjerumani, na Wabelgiji ndio walioingia Tabora. Vita vilipokwisha waligawana: Mwingereza akabaki huku, Mbelgiji akachukua Burundi na Rwanda. Kisha akatupa insha ya kuandika. Ingekuwaje kama marafiki wale wawili wangeungana wakawa taifa moja, na sisi wote tukawa ndani yake mpaka leo? Sharti lake lilikuwa tumfuate mtu mmoja wa kweli, tuone maisha yake yangekuwaje katika nchi hiyo.

Nilifurahi sana, Mama. Nilichora ramani, nikafuta mpaka wote kwa kifutio. Tabora nikaifanya makao makuu, kwa sababu reli zinakutana hapa. Treni yangu haikuishia Kigoma, ilizunguka ziwa hadi Bujumbura. Nikakuchagua wewe. Niliandika kwamba Bibi, mama yako, anakuja kwetu Manyovu asubuhi na kurudi kwake Burundi jioni, bila kuulizwa karatasi.

Halafu nikakwama. Uliniambia kwamba wewe na Baba mlikutana kwenye soko la mpakani, wewe umetoka ng'ambo na mawese, yeye anauza chumvi. Sasa nchi ikiwa moja, soko la mpakani linatoka wapi? Wewe ungeuza mawese yako karibu na kwenu. Baba angepeleka chumvi Kasulu. Nilitafuta njia ya kuwakutanisha kwa siku tatu, sikuipata. Mwalimu alisoma akacheka, akasema nimeunda nchi nzuri nikajifuta mwenyewe.

Aliyenisaidia ni rafiki yangu Kalunde, Mnyamwezi wa Kigwa, tunayelala naye kitanda cha juu na chini. Kila siku hunitania kwamba sisi Waha tukinusa samaki wetu mgebuka tunasahau hata shule. Mimi humjibu kwamba babu zake walibeba mizigo ya watu hadi pwani, ya kwao wakaisahau njiani. Tulikuwa tunafua nilipomweleza shida yangu. Akasema kosa langu ni kuwaunganisha.

"Watu waliopita pori moja na kula chungu kimoja hawawi taifa, mtani wangu. Wanakuwa watani," alisema. "Ndugu hupiga hodi. Mtani anaingia tu, anakula ugali wako, anakutukana, na siku ya msiba ndiye anayekuchimbia kaburi."

Basi nikaandika upya. Zile nchi mbili sikuziunganisha, nilizifanya watani. Mpaka upo na soko lipo, wewe na Baba mnakutana. Ila Bibi anapita pale kwenye kizuizi cha mpakani akimtukana askari, na askari anacheka na kumbebea kikapu.

Mwalimu amesema insha hii ndiyo itakayosomwa mbele ya wazazi siku ya mahafali ya dada zetu wa kidato cha nne. Kisha akaniuliza, "Mama amekubali?" Nikamwomba anipe muda nikuandikie.

Nisamehe, Mama. Uliponisimulia tukichambua maharage ulisema yaishie jikoni. Najua majirani umewaambia umezaliwa Kasulu, ili wasikuite mtu wa kuja. Na wazazi wengine wa Manyovu watakuwepo siku hiyo, watasikia. Nilipoandika nilikuwa nawaza ramani tu, sikukuwaza wewe. Mwalimu na Kalunde ndio pekee wanaojua, na wamenipa neno lao.

Ukikataa, nitaandika nyingine juu ya babu yake Kalunde, na sitanuna. Ukikubali, usijisumbue kuandika barua ndefu. Niandikie jina la Bibi tu. Nimegundua silijui. Kila nilipouliza ulisema "mama yangu" ukaendelea na kazi. Insha inaanza na jina lake, na pale mwanzoni nimeacha nafasi.

Msalimie Baba, mwambie viatu bado vizima. Msalimie kaka aliyehamia kwa mkewe Kasulu, na shangazi anayetusagia unga, na mdogo wangu wa mwisho, asiguse madaftari yangu ya zamani.

Mwanao akupendaye, anayesubiri neno moja,

Restituta