Ukuta wa Silaji Nilioupaka Chokaa

Dada Waridi mpendwa, nakusoma kila wiki na mara nyingi nawacheka wenzangu jinsi wanavyojiingiza matatani, leo zamu ni yangu, basi nisaidie, na ukiona nastahili kufokewa usinihurumie.

Mimi na mke wangu Raihana tunaishi Musaga na tunafuga ng'ombe tisa wa maziwa upande wa Ruziba, kwenye shamba la baba mkwe, Mzee Atumani, ambaye alikuwa mwashi miaka arobaini na ukipita naye Buyenzi atakuonyesha nyumba moja baada ya nyingine, hii yangu, na ile yangu, hata kama hukumuuliza. Zamani nilikuwa bandarini nikipakia shehena za Kigoma, mgongo ukanishinda, Mzee akaniita shambani akanipokea kama mtoto wake wa kumzaa. Kiangazi ng'ombe wetu hula silaji, yaani mahindi mabichi tunayoyakatakata, tunayashindilia na kuyafunika turubai mpaka yachachuke, na mahali pa kuyaweka tunapaita shimo ingawa si shimo, ni kuta tatu za matofali juu ya ardhi, Mzee alizijenga mwenyewe wakati ana ng'ombe wawili tu. Sasa ni tisa, rundo limenipita kimo, na ili tulishindilie tunapandisha pikapu juu yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila mwaka ukuta wa kushoto unazidi kuegemea nje kama mtu anayetega sikio kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Jovithe, analima lengalenga, yaani mchicha, chini yetu, na siku moja alikuja na ndoo ya maji ya kisima chake yananuka siki, akaitua mbele ya Mzee, kwa sababu ule mchuzi mweusi unaotoka kwenye silaji ulikuwa unashuka moja kwa moja kwake. Akaenda komine, yaani ofisi ya serikali ya hapa kwetu. Komine ikamtuma veterineri, daktari wa mifugo, Madamu Patricia, akapima, akapiga picha, akatuachia karatasi: ukuta ubomolewe ujengwe upya, sakafu iwe ya zege yenye mfereji na tangi la kukinga ule mchuzi, pikapu isikaribie ukingo, na tuwe tumemaliza kabla ya mavuno mapya, la sivyo hatutauza maziwa. Nilimsomea Mzee ile karatasi kwa sauti ya chini kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mutoto wa kukaa mu biro anajua matofali? Ukuta ule nilijenga mi." Nikakunja karatasi.

Sasa sikia nilichofanya, Dada. Jumamosi moja Mzee yuko msikitini na Raihana amepeleka maziwa Kiriri, nilikoroga simenti nikaziba nyufa zote, nikapaka chokaa mpaka ukuta ukang'aa kama wa arusi, nikapiga picha nikamtumia Madamu Patricia kwa simu, akajibu, "Vizuri sana, nitapita kuona." Nililala vizuri siku hiyo, nakiri.

Wiki mbili baadaye Raihana alikuwa anakata silaji asubuhi, akakata kwa chini kama tunavyokata siku zote maana kwa juu hafiki, na rundo likashuka juu yake pamoja na kipande cha ule ukuta. Nilisikia kama gunia linaanguka, nikakimbia, nikaona mkono na kitambaa cha kichwa. Mimi na Mama Jovithe, aliyesikia akaja mbio, tulichimba kwa mikono, sikumbuki ni kwa muda gani, tukamtoa anapumua, mbavu mbili zimepata ufa na bega limechubuka lote. Mzee alilia. Kisha watu walipokuja kumpa pole akawa anawaambia kwamba mtoto wake alikata vibaya, alikata kwa chini, ndiyo maana, na Raihana akiwa amelala pale kwenye mkeka akaitikia, ndiyo baba, kosa langu. Na mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe chake cha uji, na sikusema kitu.

Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mzee amekusanya yale matofali yaliyoanguka, anataka kuyarudisha mwenyewe palepale, mahindi yamekaribia kukatwa, na Madamu Patricia anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nikisema, namvunjia heshima mkwe wangu, mke wangu atajua nilichofanya, na maziwa yatafungwa. Nisiposema, tunajaza upya. Nifanye nini?

Moubarak, Musaga


Moubarak, barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia siku ileile na kukwambia ufunge kamba kuzunguka shimo, mtu asikanyage pale, hata Mzee, na ng'ombe wale majani ya kukata. Ulinitii kabla hatujamaliza kuongea, kwa hiyo najua unaweza kufanya jambo sawasawa ukiambiwa kwa sauti kubwa. Nitaendelea na sauti hiyohiyo.

Kumwogopa baba mkwe si dhambi, nusu ya wanaume wa mji huu wanaishi hivyo na wananenepa. Lakini we ulifanya kingine. Ulichukua ufa uliokuwa unaonekana ukaufanya usionekane, halafu mkeo akaenda kusimama chini yake. Angeuona ufa, pengine angesimama mbali. Na alipobeba kosa lako mbele ya wageni, ulikuwa na mdomo na ulikuwa na nafasi, ukabaki na kikombe. Nakuonea huruma, kweli, maana umeandika mwenyewe bila kujipamba. Ila huruma yangu haitasimamisha ukuta.

Nilikwambia pia umweleze Raihana jioni hiyohiyo. Ulichukua siku tatu. Basi wasomaji wajue ulichoniambia ulipopiga tena, kwa ruhusa ya Raihana. Ulimweleza yote, picha, chokaa, kila kitu. Kisha akasema, "Nilikuwa najua. Ile siku ukuta ulianguka, naoga, simenti mupya ilitoka mu nywele. Nilikuwa nangoja we useme." Hakukufukuza. Alikuomba jambo moja tu, kwamba maneno hayo uyarudie mbele ya baba yake, akiwepo yeye. Hapo ndipo ulipokwama, ndipo ukanipigia. Moubarak, mwanamke mwenye mbavu mbili zenye ufa amekuomba sentensi moja. Utaisema kesho.

Sasa kazi. Usimngoje Madamu Patricia Alhamisi. Nenda wewe ofisini kwake kabla, na simu yenye ile picha, umwambie picha ni ya uongo na ukuta umemwangukia mtu, kisha umwombe muda. Anaweza kukasirika, ana haki. Lakini mtu aliyekuja kwa miguu yake hushughulikiwa tofauti na aliyekamatwa.

Mahindi ya msimu huu yasiingie pale. Nimemuuliza Hugues, rafiki yangu anayefundisha wafugaji, anasema kwa ng'ombe tisa mnaweza kuyashindilia kwa miguu kwenye mapipa na mifuko mizito ya plastiki, mkayafunga yasiingie hewa, na yakachachuka vizuri tu. Ni kazi ya kuchosha. Chokeni. Shimo jipya likisimama, rundo lisipite mahali mkono wa Raihana unapofika, mkate kuanzia juu kushuka chini, asikate mtu peke yake, na wiki tatu za kwanza baada ya kujaza mkae mbali nalo, maana hutoa hewa mbaya inayoweza kumuua mtu kabla hajaita. Na mpaka kile kisima kipimwe, kila asubuhi umpelekee Mama Jovithe maji safi. Alimfukua mke wako kwa kucha zake.

Kuhusu Mzee. Usimwambie ukuta wake ni mbaya, kwa sababu si kweli. Muulize, kwa adabu, ulijengwa kubeba nini. Ni fundi, atajibu mwenyewe: ulijengwa kwa chakula cha ng'ombe wawili, haukujengwa kusukumwa na mlima wa mahindi wenye pikapu juu yake. Mwache alifikie neno hilo kwa mwendo wake. Kisha mwombe akuchoree ukuta wa ng'ombe tisa, mnene chini na mwembamba juu, na mfereji na tangi, halafu mchoro huo umpelekee veterineri pamoja na jina lake.

Kesho asubuhi, basi, mkishamaliza kukamua. Mkalishe Mzee, mkalishe Raihana pembeni yake, na uanze na chokaa, si na karatasi ya komine. Sema, "Baba, kosa si la Raihana." Ukimaliza, mwache naye aseme yake. Akikubali, chukueni sururu pamoja mkabomoe, na muanze na tofali la juu. Msivute la chini.

Dada Waridi