Nguzo Iliyokatika kwenye Daraja la Dolmoe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eom Bun-rye. Umri: miaka 63. Kazi: mpishi wa supu ya samaki mkavu, mwenye mkahawa. Makazi: kijiji cha Dolmoe, mkoa wa Gangwon.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, na ninayosema yaandikwe kama ninavyoyasema.

Mnamo tarehe 14 Januari 2019, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa naendesha gari langu dogo la mizigo kwenda kuchukua samaki. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Katikati ya Daraja la Dolmoe gari liliteleza ubavuubavu mpaka ukingoni. Liligusa nguzo ya ukingo, nayo ikakatika pale chini. Gurudumu moja la mbele likabaki linaning'inia juu ya mto. Niliumia mkono wa kulia.

Aliyenitoa ni Tak Sang-gyu, dereva wa lori linalomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Aliniambia, "Dada, usitikisike." Nikamjibu, "Nitikisike niende wapi?" Chini ya matairi ya nyuma kulikuwa na mchanga. Akifika darajani yeye huzima mashine ya chumvi, hushuka, humwaga mchanga kwa koleo. Sababu tunaijua wote. Maji ya chumvi yanapenya kwenye maungio ya daraja, yanakula chuma. Daraja la upande wa juu wa mto lilifungwa kwa ugonjwa huohuo, sasa tumebaki na hili moja. Tangu mwaka jana anaomba lioshwe kila theluji ikiisha, na maungio yazibwe. Wakubwa wake wamemfanya kichaa.

Kesho yake msimamizi wa Sang-gyu, Bw. Bang, alinijia hospitali na katoni ya juisi. Alisema, "Mama, wewe sema tu uliteleza kwa kukosa chumvi. Mengine tuachie sisi, huyo Sang-gyu anaondoka." Nilimwambia aondoke yeye na juisi yake.

Niliteleza kwa sababu matairi yangu yana vipara na nilikuwa na haraka. Andika hivyo, Sajini, usicheke. Mchanga ndio uliolishika gari. Kilichotaka kuniua ni ile nguzo, na nguzo imeliwa na chumvi ya miaka mingi ambayo hakuna aliyejisumbua kuiosha. Nina hasira, na hilo liandike pia. Sang-gyu akifukuzwa kwa jina langu, nafunga mkahawa, nakaa mlangoni kwa Bw. Bang mpaka barafu iyeyuke.

Haya ndiyo yangu, na sipunguzi neno.

Dole gumba la kushoto: Eom Bun-rye

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Nilimshauri aondoe habari ya matairi asije akatozwa faini, amekataa. Amekuja na nguzo iliyokatika, ambayo watu wa Bw. Bang wanaitafuta tangu juzi. Nilipoishika, sehemu ya chini ilimomonyoka mkononi mwangu. Alikataa kuiacha kituoni bila risiti. Nimempa.

Sajini Pyo Min-ho, Kituo cha Polisi Dolmoe, 17 Januari 2019