Nafasi Yako Mbele ya Lango

Kaka yangu Loishiye,

Shikamoo huko uliko. Najua huwezi kuitikia, na hata ulipokuwa hai uliitikia kwa kunipiga kofi la kisogo, kwa hiyo sitegemei makuu. Mwalimu wa misheni alinifundisha kuandika ili niandike habari za Mungu. Leo naandika habari za mpira, nimekaa migombani karibu na tulipokulaza, upande wa miguuni.

Masika yamekwisha. Uwanja wa shamba umeanza kukauka, ng'ombe wa Bwana mwenye shamba wamekula majani yote ya katikati na kutuachia mavi yao. Juzi Bwana mwenyewe alitoka barazani na fimbo, akatupanga mstari kama wapagazi wa safari, akapita mbele yetu akitazama miguu. Uso wa mtu hakuutazama. Alipofika kwangu alisimama akauliza, "Saruni, msimu huu nani atafunga?" Sikumjibu. Akanichapa fimbo ya paja, akauliza tena, nikanyamaza tena. Jibu nilikuwa ninalitafuta, na hata ningekuwa nalo, yeye si wa kwanza kuambiwa. Wa kwanza ni wewe.

Nianze na walio hai. Upande wa kulia tunaye Ngoyai, yule yule wa Lemara. Mbio anazo, akili hazimfikii akishakimbia. Akipata mpira anafumba macho na kwenda mpaka agonge kitu. Majuzi aligonga mti, akarudi nyuma, akaushika shina akitaka kupigana nao. Kushoto yuko Kasanda, Mnyamwezi aliyekuja na mizigo ya watu akabaki kwetu kwa ajili ya ndizi. Mguu wake wa kushoto unaweza kumwangusha fahali, tatizo ni kwamba fahali ndiye anayemtafuta, mpira baadaye. Tulipocheza na vijana wa shamba la jirani alimvunja mtu mbavu, akamwomba radhi akiwa bado amemkalia.

Kwa hiyo pembeni hatuna njaa. Shida iko katikati, mbele ya lango, pale ulipokuwa unasimama wewe umetanua viwiko ili atakayekusogelea aumie kwanza. Pale hapana mtu. Bwana anataka niwe mimi.

Unajua nilivyokua, kaka. Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Njia zetu za migombani ni nyembamba, hupita mmoja mmoja, na mkubwa ndiye anayetangulia. Baba alipokuwa akibebeshwa mawe ya kujengea boma la serikali, tulimpelekea chakula, wewe mbele na kibuyu, mimi nyuma na ndizi. Siku tuliyomkuta amelazwa chini anachapwa kwa sababu amemwaga chokaa, ulinyoosha mkono ukanizuia nyuma yako nisione. Niliona hivyo hivyo, chini ya kwapa lako. Niliona mgongo wa baba unavyofunguka. Hatukuwahi kuongea habari ile.

Kutahiriwa, ulitangulia wewe. Kula, wewe. Hata siku za kuchapwa na mama ulianza wewe, nami nikapata fimbo iliyokwisha choka. Sikuona ubaya wowote. Dunia ilikuwa imepangwa hivyo na mimi nilikuwa na nafasi yangu ndani yake.

Mpira wetu wa kwanza ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, uliufunga mwenyewe kwa kamba za mgomba huo huo. Siku ya kwanza nilikupa pasi nyuma yako. Uliufuata, ukaurudisha, ukaja ukanipiga ngumi ya mdomo. Jino likatoka. Ukaliinamia, ukaliokota, ukaliweka kiganjani mwangu.

"Nipe mbele, Saruni," ukasema. "Ukinirudisha nyuma tena nitakutoa na la pili."

Nilijifunza upesi. Tangu siku ile sikuupeleka mpira uliposimama wewe, niliupeleka utakapofika wewe. Watu walisema tunaongea bila mdomo, kumbe mimi nilikuwa nalinda meno yangu.

Na ajira yetu unaikumbuka. Tulikuwa tunacheza huku ng'ombe tuliopewa kuchunga wanakula mibuni ya Bwana. Alikuja mwenyewe na kiboko. Alitusimamia kwanza kidogo, akitazama, halafu akatuchapa, halafu akatuajiri. Wenzetu wakachuma kahawa, sisi tukapewa nyama, blanketi na vibanda vya bati, kazi yetu kucheza. Watu wa shambani walituonea gere. Wewe ndiye uliyenikumbusha kwamba Bwana na wakubwa wa boma wanashindana wakiwa wamekaa kwenye viti, na damu ya mashindano yao inatoka kwetu.

Sasa siku ile. Naisema kwa sababu watu wameanza kuisimulia vibaya, na wanaosimulia vibaya zaidi ni wale ambao hawakuwepo.

Ilikuwa uwanja wa mbele ya boma. Tulicheza na askari wa boma, wao na buti, sisi pekupeku. Shaushi wao, yule mrefu mwenye pengo anayewaamrisha, alikaa nyuma kabisa akilinda, na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kukanyaga vidole vya watu. Kasanda alikuwa anatema damu. Ngoyai sikio limechanika. Bao hakuna, kwetu wala kwao. Nikaupata mpira katikati, nikakuona unaanza kukimbia, nikakupa mbele.

Ulimpita shaushi. Nakuandikia ulijue hilo, kama maumivu yalikusahaulisha. Ulimpita kabisa, mlinda lango akatoka, naye ukampita, akabaki ameshika nyasi. Ndipo shaushi akaja kutoka nyuma kwa miguu yote miwili. Mpira hakuutaka. Niliusikia mguu wako kabla sijakusikia wewe, ulilia kama kuni kavu, na mfupa ukatoka nje chini ya goti. Ukaanguka chali. Mpira ukabingirika kidogo ukasimama upande wa pili wako, lango likiwa tupu. Filimbi haikulia, mwenye filimbi alikuwa mtu wao.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Kulia kwako shaushi anainuka, kushoto mlinda lango anatambaa. Njia ya kuufikia mpira ilikuwa moja tu, juu yako.

Ukanitazama. Uso wako ulikuwa mweupe wa vumbi, na macho yako hayakuwa ya mtu anayeomba msaada.

"Ruka," ukasema.

Kwetu mtu hamruki aliyelala. Mtoto akimruka mwenzake kwa mchezo, mama humshika sikio akamrudisha kwa njia ile ile, ili kitu kilichofanyika kitenguke. Kumruka mtu ni kumhesabu miongoni mwa wafu. Na wewe ni mkubwa wangu, niliyekuwa nyuma yako tangu kuzaliwa. Ukasema tena, "Ruka, mjinga wewe," nami nikasimama. Miguu haikusogea. Akaja askari mmoja akaupiga mpira ukaenda zake.

Wanasema niliogopa. Waniambie wakiwa karibu. Mtu aliyeogopa hafanyi nilichofanya baada ya pale. Nilimvaa shaushi, nikamwangusha, nikamng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Kasanda akaingia, Ngoyai akaingia akiwa amefumba macho kama kawaida yake, akampiga mwenzetu mmoja kabla hajampata askari. Watu wa sokoni wakaanza kurusha mawe. Askari wakachukua bunduki wakatupiga kwa vitako, mbavuni, vichwani, popote. Nilimwona mzee mmoja aliyekuja kuuza tumbaku akianguka juu ya tumbaku yake na kukanyagwa. Na katikati ya yote yale wewe ulikuwa umelala pale pale, hakuna aliyekuruka, wote wanakuzunguka.

Walitupa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kila mmoja. Shaushi mwenyewe ndiye aliyeshika kiboko, damu inamtiririka shingoni. Nilicheka nikiwa chini. Alikuwa anakosea shabaha kwa sababu sikio linamuuma, na kila nilipocheka alizidisha. Mgongo wangu sasa unafanana na wa baba.

Yaliyofuata unayajua wewe zaidi. Mganga wa mifupa aliunyoosha mguu, akaufunga vijiti, ukavimba, ukabadilika rangi, ukanuka. Mke wako Nasieku alikaa pembeni yako akifukuza nzi kwa jani la mgomba, hakulia mbele yako hata mara moja. Adhuhuri moja uliniita. Nilidhani unataka maji.

"Ungeniruka," ukasema.

"Mtu hamruki kaka yake."

"Kaka yako alilala pale kwa ajili ya bao lile. Umemwacha amelala bure."

Ukageukia ukutani. Hukusema nami tena mpaka tukakuzika, kahawa ikiwa imeiva mitini na watu wakiwa hawana nafasi ya kulia sana. Nilikukasirikia, Loishiye. Bado nimekasirika. Nakupenda, nakutamani urudi, na ukirudi nitakupiga.

Sasa nikueleze mazoezi yetu. Bwana amenisimamisha katikati. Napewa mpira, nakwenda nao vizuri, nawapita watu, nafika mbele ya lango, na pale natoa pasi. Kila mara. Naupeleka mbele yangu kidogo, pale ulipokuwa unafika wewe, nao unapita mtupu mpaka kwenye mibuni. Siku za kwanza wenzangu walicheka. Siku hizi hawacheki. Ngoyai huenda kuuokota kimya na kunirudishia bila kunitazama.

Kasanda alinifuata mtoni wakati naosha miguu.

"Wewe Saruni, ule mpira unampa nani?"

"Loishiye."

"Loishiye hachezi tena."

"Najua."

"Basi nipe mimi. Nitamuua nao yule shaushi."

Nilimwambia nitafikiri. Ni rafiki mzuri Kasanda, anataka kila mtu afurahi.

Bwana naye amesema neno lake. Mchezo wa kwanza wa msimu ni na askari, uwanja ule ule. Tusipofunga, timu inavunjwa, sisi tunapelekwa kwenye kazi ya reli huko chini ambako wenzetu wanazikwa kando ya njia, na vibanda wanapewa wengine. Kibanda cha Nasieku ni kimojawapo. Mwanao ameanza kusimama, anajishikilia ukuta ule ule uliougeukia.

Mama hataki bao. Mama anataka mguu. Kila nikienda kumwamkia ni hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeuleta?"

"Nini, mama?"

"Mguu."

Halafu ananipa uji, nakunywa. Na mimi sitakudanganya, nautaka mguu ule wa shaushi. Nauota mchana nikiwa macho. Najua pa kuukanyaga, nimemtazama anavyosimama, uzito wote anauweka kulia. Ningeweza kwenda uwanjani siku hiyo kwa kazi hiyo moja, mpira upite kokote unakotaka, na hakuna hata mmoja wa ukoo wetu ambaye angenilaumu.

Jana Nasieku alinikuta hapa hapa migombani. Nilikuwa napita kwa kuzunguka mbali, kama nifanyavyo, nisikaribie kaburi lako.

"Shemeji," akasema, "siku ile nilikuwa pembeni ya uwanja na mtoto mgongoni. Nilisikia alivyokwambia uruke."

"Na mimi nilisikia."

"Alikuwa anaona lango?"

"Alikuwa ananiona mimi."

"Basi kwa nini hata leo humsikii?"

Akajitwika ndizi zake akaondoka. Nilibaki nina hasira naye, nina hasira na wewe uliyemwoa mwanamke anayeongea hivyo. Halafu nikaenda kutafuta karatasi.

Kwa hiyo hili ndilo jibu ambalo Bwana ataambiwa kesho asubuhi, wewe umelipata kwanza. Kulia tuna mbio. Kushoto tuna ukatili. Katikati tuna mdogo wako. Hatutafunga mabao mengi, usitegemee. Moja litatosha, na ninajua lilipo, liko pale pale ulipoliacha. Shaushi atakuwepo na sikio lake nusu. Mguu anaoutaka mama sijausahau, ila utasubiri, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na wewe uliniagiza bao.

Nakuomba kitu kimoja. Nitakapokuja nao mbele siku hiyo, usiwe njiani. Inuka, usogee pembeni, unipishe kama mkubwa anavyompisha mdogo aliyebeba mzigo mzito. Nitapita na sitageuka kukutazama. Na kama nitakukuta bado umelala pale, kati yangu na lango, basi kaka yangu, safari hii nitakuruka.

Lala na migomba, nitakuja kukuamkia msimu ukiisha.

Mdogo wako wa nyuma yako,
Saruni